Shoti Ndani ya Injini ya Miraji

Ukitaka kumkasirisha Miraji wa Bondeni, mwambie garimoshi la mezani ni mchezo wa watoto. Babu yake alifanya kazi relini hapa Nakuru; yeye akaishia kutengeneza redio, ila moyo ulibaki kwenye reli. Basi hoteli moja kando ya ziwa ilipoachiwa reli ndogo ya mezani na mgeni aliyehama, ikatafuta fundi wa kuitunza, Miraji alikosa usingizi. Hiyo ndiyo kazi aliyoitamani maisha yake yote.

Akamwita Nasrudin, rafiki yake wa utotoni, mshona viatu wa kibanda cha pili. Waliomba pamoja nafasi hiyo moja, na kila mmoja akapewa injini mbovu aifufue. Miraji ndiye aliyemfundisha mwenzake, meza moja, taa moja: umeme unapita relini saa zote, ndani ya injini mna chipu inayosubiri namba yake iitwe kwenye rimoti, ndipo iamshe mota. Waya za mota zisiguse chuma cha bodi hata kidogo, chipu itaungua. Nasrudin alikuwa mwepesi kushika.

Siku ya majaribio, injini ya Nasrudin ilizunguka meza vizuri kabisa mbele ya meneja, Bi Jepkosgei. Miraji akaita namba ya injini yake. Ikashtuka mara moja, ikanuka plastiki iliyoungua, ikazima. Nasrudin akamshika bega. "Pole, ndugu yangu. Hizi mashine hazinanga heshima." Kazi akapewa yeye.

Nyumbani Miraji hakula. Mkewe Umaima alimbembeleza, wapi. Miraji alifuta magurudumu ya injini, akapima kwa mita kutoka gurudumuni hadi kwenye chipu: umeme unafika. Akaitoa chipu, akaunga mota moja kwa moja na betri, ikazunguka. Kumbe mota ni nzima, chipu ndiyo imekufa. Imeuliwa na nini? Akapima waya za mota na bodi, mita ikalia: shoti, waya umegusa chuma. Akaangaza tochi chini ya mota. Waya wa kijivu ulikuwa umechunwa ganda, ukalazwa juu ya chuma, halafu ukafungwa usiteleze. Ulifungwa kwa uzi wa nta, ule wa kushonea viatu.

Lo, binadamu! Hata kuharibu, Nasrudin aliharibu kwa unadhifu, maana mkono wake haujui kulipua kazi. Miraji alishika kichwa. Aliona uchungu kuliko mtu aliyefiwa, kwa sababu aliyefiwa hapewi pole na muuaji. Mtu aliyekula kwake, akamwita Umaima shemeji, amemzunguka namna hii. Alilia, na hakujificha.

Jumatatu asubuhi Nasrudin akaingia kibandani kwa Miraji na shati jipya. "Miraji, injini mbili za hoteli zimegoma. Hebu nionyeshe vile unatafutanga shoti."

Miraji akamsogezea injini iliyo wazi. "Anza na hii."

Nasrudin akainama. Akauona uzi wake. Akakuna shingo, kisha akavuta kiti akaketi.

"Sawa, ni mimi," akasema. "Hiyo tutaongea. Lakini nionyeshe kwanza, Bi Jepkosgei ananingoja."

Miraji aliutazama uso ule aliokua nao tangu utotoni, akitafuta aibu. Alichoona ni mtu anayechelewa kazini.