Neno la Siri la Ukoo wa Kurji

Miaka sita Fareen aliuza vitenge Singida mjini, na miaka yote hiyo akaunti zake zote zilifunguliwa kwa neno la siri moja: Kurji786. Ukoo mzima wa mumewe ulitumia hilohilo, mashangazi kwa wapwa, kana kwamba ni baraka. Baraka gani! Ujinga wa kurithi tu. Mwezi uliopita mwizi aliliotea, akaingia kwenye ukurasa wa duka mtandaoni na kuwaporomoshea wateja matusi ya nguoni.

Fareen akaweka kwenye simu programu ya kutunza maneno ya siri. Ikaipa kila akaunti neno lake, refu, lisilooteka; yeye akabaki na moja tu la kukumbuka, la kuifungua programu yenyewe.

Mzee Kurji, baba mkwe wake, akasikia. "Nyumba hii mkubwa hafungiwi mlango," alisema.

Fareen angefanyaje? Akamwandikia lile neno moja kwenye karatasi. "Baba, tafadhali, libaki kwako tu."

"Kwani mimi mtoto?"

Chai haijapoa, simu ya Fareen ikalia. Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, lenye watu themanini na wanne, mzee ametuma picha ya ile karatasi: "Neno jipya la Fareen. Mtunzieni, asije akalisahau."

Kinyaa kilimpanda Fareen, kama aliyekuta mswaki wake mdomoni mwa mtu. Chini ya picha yalifuata maua na mashallah, kisha shangazi wa Tabora akauliza:

"Zuri sana. Na sisi tuhamie hili?"