Mwiko Ukitetemeka, Maji Yamechemka

Ujinga wangu nautangaza mwenyewe, ingawa majirani wameshautangaza vya kutosha. Nilikuwa karani wa shamba la kahawa huko Subukia, na kazi ikiisha hakuna aliyeweza kunitoa nyumbani, hata kwa harusi. Homa ikanishika. Shingo ikakauka kama ubao, nikatapika mpaka nyongo. Mke wangu Wambui akasema, "Baba Kamau, twende hospitali Nakuru." Nikamjibu, "Wacha nijifunike, ni baridi tu." Nikajifunika siku tatu.

Hospitali nilifika nimebebwa kama gunia. Daktari akamwambia Wambui, "Ni homa ya uti wa mgongo. Atapona, lakini mmechelewa kumleta." Nilipozinduka nikapiga kelele wawashe taa. Labda walinijibu. Sikuona kitu, sikusikia kitu, na hivyo ndivyo nilivyo mpaka leo.

Nyumbani nikawa mtoto. Mama yangu mzee, tuliyeishi naye, alinilisha na kunipangusa makamasi. Mara mbili nilikojoa kitandani nikingoja mtu wa kunipeleka chooni. Na nyapara alikuwa ameshasema: nyumba ni ya wafanyakazi, Wambui achume kahawa ama tuhame. Angechumaje, na mama hana nguvu za kuninyanyua wala kuniongoza chooni?

Misheni ikamtuma Mwalimu Rebeka, aliyefundisha vipofu. Aliniandikia herufi kubwa kiganjani kwa kidole, moja moja: SIMAMA. Nikamwuliza, "Kwani umekuja kuniamrisha?" Akaandika: NDIYO. Akafunga kamba kutoka mlangoni hadi chooni. Akanifundisha kuweka kibiriti mahali pamoja kila siku, kumimina chai kidole kikiwa kwenye ukingo wa kikombe, na kuegemeza mwiko kwenye sufuria nikiushika: ukitetemeka, maji yamechemka.

Mama akanipokonya mwiko. Kwetu mwanamume haingii jikoni, hata awe anakufa njaa. Wambui akaniandikia kiganjani: MAMA ASEMA UNAMWAIBISHA. Nikajibu, sijui kwa sauti kubwa kiasi gani, "Mwambie aibu ni kukojoa kitandani!" Baada ya muda mwiko ukarudi mkononi mwangu.

Jumatatu Wambui akaenda kuchuma kahawa. Niliungua vidole viwili, malengelenge yakapasuka, lakini jioni alikuta chai. Akaenda tena Jumanne, na kila siku baada ya hapo. Nyumba tukabaki nayo.

Namshukuru Mungu, ingawa kuna maneno bado hatujamalizana naye: kitindamimba wangu ameshaanza kuongea, na sauti yake siijui. Wewe unayeuguza mtu kama mimi, usimpokonye kikombe. Mwache amwage. Na wewe unayependa kukaa nyumbani, shingo ikikauka, toka.

Jirani yetu Mama Nduta alipokuja kuionja chai yangu, nilimwomba Wambui aniandikie maneno yake yote bila kuyapunguza. Kiganja kilichoka. Alikuwa amesema: "Baba Kamau, miaka yote ulikuwa na macho na masikio mazuri, na huyu mke wako hukumchemshia hata maji."