Mwizi Aliyeongea Kifipa

Mwizi wa kuku namwelewa. Anaruka ua, anang'atwa na mbwa, anaiweka ngozi yake rehani. Huyu aliyemwibia mama yangu alikaa kitako mahali fulani, labda na soda mkononi, akaongea Kifipa. Hicho ndicho kinachonichoma mpaka leo.

Mama anaishi Kaengesa, analima mahindi na ulezi. Mimi nauza mitumba Majengo, mjini Sumbawanga. Siku hiyo alinipigia akiwa na furaha.

"Mwanangu, benki wameajiri mtoto wa kwetu. Kaniuliza mpaka habari za ulezi na kikohozi changu."

Nikamuuliza huyo mtoto alitaka nini. Akasema hakutaka kitu, yeye ndiye aliyesaidiwa: kuna mtu kule Kasesya, mpakani, alikuwa anajaribu kutoa hela zake, na kijana akamwomba amsomee namba zilizoingia kwenye simu ili amzuie. Mama akamsomea, taratibu, asije akakosea.

Nilifunga kibanda nikapanda bodaboda. Tulipoangalia salio, hakuna kitu. Hela ya mahindi yote aliyouza, ambayo ndiyo ingenunua mbolea na mbegu za msimu huu, ilikuwa imekwenda. Na mvua zilikuwa zinakaribia.

Kesho yake tukaenda benki. Kijana wa dirishani, shikamoo yenyewe hakutoa, akasema kwa sauti ya kusikiwa na foleni nzima, "Bibi, si tumewaambia msitoe namba ya siri?" Akanyoosha kidole kwenye bango ukutani.

Mama akamjibu kwa Kiswahili chake cha kutafuta maneno. "Namba ya siri sijampa mtu, ninayo kichwani. Nimempa zile zilizoingia."

Watu wakacheka. Nikawaka. Nikamuuliza yule kijana ni wapi kwenye bango lao pameandikwa kwamba namba zinazoingia kwa ujumbe nazo ni ufunguo, na anayesomewa amefunguliwa mlango. Yeye kafundishwa kazini, mama yangu angejulia wapi? Akaniambia nipunguze sauti. Sikupunguza.

Njiani nikamwambia mama: namba yoyote ikiingia, usimsomee mtu, hata akijiita askofu. Akiomba tu, kata simu. Mama akanitazama kana kwamba nimemtukana.

"Mtu ananisalimia kwa lugha yetu, nimkatie?"

Hapo ndipo nilipoelewa jinsi alivyonaswa, na hasira zikazidi. Miaka yote mama anaingia ofisini anaharakishwa, anakatizwa, anaambiwa aseme haraka. Leo ofisi inampigia yenyewe, inaongea Kifipa, inamuuliza kikohozi kimepona? Na kwetu salamu haikatwi katikati. Unauliza nyumba, watoto, shamba, mpaka ziishe. Yule mshenzi alilijua hilo kwa sababu amelelewa nalo. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na mimi nilidhani ni maneno ya kupamba khanga tu.

Mimi na kaka yangu tukachanga. Ikapatikana hela ya mbegu na mfuko mmoja wa mbolea, tukamwekea mama kwenye simu. Hiyo ikienda, mwaka huu hakuna shamba.

Jumamosi nikaenda kumchukua tukanunue. Mvua ya kwanza ikatuwahi, tukakaa ndani tukingoja ikatike. Simu yake ikaita. Nikamjua ni nani kwa jinsi uso wa mama ulivyobadilika. Nikanyoosha mkono kumpokonya, akausukuma, akabonyeza spika nisikie.

Sauti ilikuwa tamu kweli, siwezi kukataa. Akasalimia. Mama akaitikia yote, nyumba, watoto, kikohozi, huku mimi nimeuma meno. Halafu akasema zile hela zimepatikana, zitarudishwa leo leo, ila kuna namba zinaingia sasa hivi, mama amsomee. Simu ikalia. Namba zikaingia kweli.

Mama akazitazama. Midomo yake ikaanza kucheza kama anavyofanya akitaka kusoma. Nikasema moyoni, basi, tumekwisha.

"Kwenu mmeshapanda?" akamuuliza, kwa Kifipa.

"Tumeshapanda, mama."

"Sisi bado."

Mama hakumsomea namba, wala hakukata simu. Aliishika vile vile mkononi, akamwacha asikilize mvua inavyopiga bati letu, mpaka yule mwizi akakata mwenyewe.