Kadi Yenye Saini Moja

Mwaka huu, katika mkutano wa kuwakumbuka wafu wa Zaleszna, mji wetu wa zamani kule Poland, majina yote yalisomwa hadi mwisho na hakuna aliyemkatiza msomaji. Ukumbi ulitulia kwa namna tusiyoizoea. Kwa zaidi ya miaka arobaini, kila mtu aliposimulia jambo kwa uhakika mno, sauti ya mwanamke ilitoka safu ya pili na kuuliza, "Na nani mwingine aliona?" Wazee waliguna, wake zao wakawafinya mapaja, na msimuliaji akaanza kupekua kichwa chake upya. Safari hii mzee mmoja alisema kinu cha unga cha Zaleszna kilikuwa na ghorofa tano, na kinu kikabaki na ghorofa zake tano. Niliona watu kadhaa wakigeuka kukitazama kile kiti cha safu ya pili, kikiwa kitupu.

Mwenye kiti ni Mindla Rojza Aizenstat, mwanahistoria wetu. Nasema wetu kwa sababu wakubwa wa vyuo hawakumjua sana, naye hakuwatafuta. Aliingia Montreal mwaka 1948 akiwa na sanduku moja na koti la mwanamume ambalo mikono yake aliikunja mara tatu. Mchana alishona bitana za kofia kiwandani, jioni akasomea historia chuo kikuu, akiwa bado na nyuzi zilizonasa kwenye sweta. Alipopata shahada, maktaba ya Wayahudi ilimpa meza katika chumba cha nyaraka, karibu na bomba la joto lililogonga mchana kutwa kama mtu anayetaka kufunguliwa. Hapo alikaa miaka thelathini na minne.

Kabla ya Vita Kuu ya Pili, Zaleszna ilikuwa na Wayahudi elfu mbili na kidogo. Baada ya vita tulibaki pungufu ya tisini, tumetawanyika duniani, thelathini kati yetu hapa Montreal. Kama watu wa miji mingine, nasi tukaamua kutengeneza kitabu cha kumbukumbu: picha ya sinagogi, picha ya soko, timu ya mpira yenye golikipa mnene, na mwishoni orodha ya waliouawa. Wengi wao hawana kaburi wala jiwe. Ukurasa ule ndio jiwe lao. Kazi hiyo akakabidhiwa Mindla.

Kila marehemu alimwandikia kadi yake: jina, wazazi, kazi, mahali alipoonekana mara ya mwisho. Chini ya kadi kulikuwa na mistari miwili ya saini. Alitaka mashahidi wawili, kama mahakama zetu za kale zilivyotaka, na kila mmoja awe ameona kwa macho yake. Kadi yenye saini mbili iliingia kwenye droo ya mbao. Yenye saini moja ilingoja katika boksi la viatu.

Baba yangu, Lemel Kestenberg, fundi wa makoti ya manyoya na mjumbe wa kamati ya kitabu, aligombana naye miaka kumi na moja. Kadi ya mpwa wake ilikaa ndani ya boksi lile miaka minne, mpaka shahidi wa pili alipopatikana Buenos Aires. Baba alimwita Jaji. "Hata Musa akishuka mlimani na vile vibao vya mawe," alimwambia mama, "Jaji atamwuliza nani mwingine alikuwa kule juu."

Asichokijua baba ni kwamba ndani ya boksi hilo kulikuwa na kadi ya Sheva Aizenstat, na saini moja iliyokuwapo ilikuwa ya Mindla mwenyewe.

Aliigundua Januari mwaka 1971. Mpiga chapa alitaka maandishi yote kufikia mwisho wa Machi, na kadi sitini na mbili zilikuwa bado zinangoja. Kamati ilikutana Jumapili, baba akawa anazitoa moja moja na kuzisoma kwa sauti. Alipofika kwa Sheva, akasoma mwezi wa kuzaliwa, akasoma mwezi wa kufa, kisha akaanza kuhesabu. Ilikuwa miezi ya mwaka uleule. Wiki kumi na moja.

Mindla akaeleza, amesimama, mgongo dirishani. Yeye na mama yake mjamzito walijificha ndani ya shimo, chini ya ghala la viazi la mkulima mmoja Mpolandi, pamoja na jamaa wa ukoo wa Futerman. Sheva alizaliwa humo Februari 1943. Homa ilimchukua mwishoni mwa Aprili. Mwezi Juni mtu akawachongea, askari wa Kijerumani wakaja, na watu wa shimoni wakakimbilia kwenye shamba la shayiri huku risasi zikipigwa. Mindla alijikwaa, akaanguka, akalala palepale mpaka giza lilipoingia. Aliposimama hakukuwa na mtu mwingine aliyesimama.

Baba akachukua kalamu.

"Lete hapa," alisema. "Nitaandika kwamba nilimwona."

"Ulikuwa Siberia, Lemel."

"Siberia nilikuwa na macho mazuri sana."

Watu walicheka, hata Mindla kidogo. Kisha akamnyang'anya kalamu taratibu. "Nikimwingiza kwa uongo, atakuwa mtoto wa uongo," alisema. "Mama yangu hakuzaa uongo." Akauliza pia atawaambia nini wenye zile kadi sitini na moja nyingine, watu aliowarudisha nyumbani wakilia kwa sheria ileile.

Hapo baba akaelewa ukubwa wa jambo. Mtoto huyo hakuandikishwa popote. Hakuwa na picha, wala kaburi linalojulikana. Mindla alikuwa na miaka arobaini na mitano, hana mume wala mtoto. Shahidi asipopatikana kabla ya Machi kuisha, kitabu kingetoka bila Sheva. Na siku Mindla atakapofumba macho, hatakuwapo mtu duniani wa kusema kwamba mtoto yule aliwahi kuwapo.

Kwetu mtoto hupewa jina la marehemu wa ukoo, au la mtu aliyependwa akafa. Jina la aliye hai halitolewi; ni kama kumharakisha aondoke. Ndiyo maana Mindla alisoma magazeti kuanzia nyuma, kwenye matangazo ya waliozaliwa na wanaochumbiwa. Jina la kila kijana lilimpeleka kwa marehemu fulani, na kwa marehemu akampata aliyemkumbuka. Kwa njia hiyo alikuwa ameshawapata mashahidi Haifa na Melbourne.

Ijumaa moja ya Februari alimpigia baba simu karakanani. Gazeti letu la Kiyidishi, lugha ya nyumbani kwetu, lilikuwa na tangazo la uchumba: Mindla Rojza Szwarc, binti wa Aron na Genia Szwarc wa Outremont, mtaa wa hapahapa Montreal.

"Lemel," alisema, "kuna mtu amenizika."

Mindla na Rojza yalikuwa majina ya bibi wawili wa baba wa mwanahistoria wetu. Aliyaunganisha majina yao siku ya kumpa binti yake jina, na Zaleszna nzima hakuna mwingine aliyekuwa nayo mawili pamoja. Halafu huyo mama, Genia. Ndani ya boksi, nyuma ya kadi ya Sheva, ilikuwapo kadi ya Genia Futerman, msichana wa miaka ishirini, aliyeonekana akikimbilia mtoni huku risasi zikimfuata. Kadi hiyo nayo ilikuwa na saini moja.

Mindla alipiga simu Outremont. Mwanamke akaitika. Mindla akataja jina lake, na simu ikakatwa. Akapiga tena, ikakatwa tena. Jumapili akamwomba baba ampeleke.

Barafu ilikuwa imefunika zile ngazi za chuma zinazopanda nje ya nyumba. Baba alisimulia kisa hiki mara nyingi kiasi kwamba najua ni ngazi ya ngapi iliyomtelezesha akaumia mguu wa kushoto. Mlango ulifunguliwa kidogo, mnyororo ukiwa bado umefungwa. Baba aliona jicho moja na nusu ya kitambaa cha kichwa.

"Nenda zako, Mindla," mwanamke alisema. "Nakuomba. Msichana anaolewa Juni."

Alikuwa anajua kwa miaka sita kwamba Mindla yu hai. Aliwahi kuiona picha ya Mindla gazetini, na tangu siku hiyo alivuka barabara kila alipomwona mtu wa Zaleszna. Kule shambani alimwona Mindla akianguka na akaamini amekufa. Alipojifungua baada ya vita, katika kambi ya wakimbizi Ujerumani, akampa binti yake jina la yule rafiki. Kumbe alimpa jina la mtu aliye hai. Sasa aliamini kwamba mmoja wa wale wawili atalipia kosa hilo, na kwamba siku watakapokutana, malaika wa mauti ataliona. Rabi alimwambia hakuna neno. Akamjibu kwamba rabi mwenye wana wa kiume tu hawezi kujua.

Mindla aliinama kwenye ule mwanya. "Msichana ana miaka mingapi?"

"Ishirini na mitatu."

"Karibu miaka yote hiyo tumepanda basi zilezile, tumenunua mkate kwenye tanuri lilelile. Malaika angekuwa mtu wa kuchanganya majina, Genia, angeshachanganya zamani. Fungua. Lemel anaganda."

"Nimeganda kweli, dada," baba alisema.

Mnyororo ukatolewa.

Hawakukumbatiana. Genia alishika ukingo wa mkono wa koti la Mindla, akausugua kwa vidole viwili kama mtu anayekagua kitambaa. Kisha akaweka chai na keki ya mbegu za popi, maana wageni ni wageni. Baba alikuwa tayari kufungua mdomo kuuliza, na Mindla akamkanyaga mguu, uleule wa kushoto. Hakuwahi kumtilia shahidi jina mdomoni, na hakukusudia kuanza siku hiyo.

"Mle shimoni," aliuliza, "tulikuwa wangapi?"

Genia akahesabu kwa vidole. Baba yake. Kaka yake. Yeye. Mama yake Mindla. Mindla. "Watano."

Mindla akaandika: watano. Baba alisema kwamba kwa dakika ile alimchukia kwa kutokutaja lile jina moja tu. Mindla akauliza kila mtu alilala wapi. Genia akavuta bakuli la sukari, akapanga vipande mezani: baba yake karibu na tundu la kuingilia, kaka yake, yeye, Mindla, na mama yake Mindla kule ukutani penye ukavu.

"Kwa nini mama alipewa penye ukavu?"

"Kwa ajili ya mtoto."

"Mtoto gani?"

Genia alimtazama kama anayemtazama mtu aliyerukwa na akili. "Sheva. Mdogo wako. Sikumhesabu kwa sababu hakuwa na pa kulala. Tulikuwa tunapokezana kumbeba." Mdomo wake ukalegea. "Hakuwa mtoto wa kulia. Alikuwa anapiga chafya. Lile vumbi la viazi. Tatu tatu kila mara, na sisi tunaziba midomo tusicheke. Umesahau?"

Mindla alikuwa amesahau. Kwa miaka ishirini na minane alibeba jina na tarehe mbili, na sasa akapewa chafya. Baba alisema hakulia. Aliomba kipande cha pili cha keki, akakila chote, ndipo akasogeza kadi mezani. Genia akasaini kwa jina la usichana wake, Futerman.

Kisha Mindla akatoa kadi ya pili na kumpa. Genia akavaa miwani, akasoma kifo chake mwenyewe mpaka chini.

"Siku umekosea," alisema. "Ilikuwa Jumanne."

Akaichana vipande vinne. Binti yake aliporudi kutoka kujaribu gauni, aliwakuta wanawake wawili wakicheka huku machozi yanawatoka, na mwanamume akijikanda mguu. Akauliza huyu mgeni ni nani. Mama yake akasema, "Ni Mindla Rojza. Msalimie."

Kitabu kilitoka vuli ile. Ukurasa wa 214, mstari wa pili kutoka juu, umeandikwa: Sheva, binti wa Hersz na Cywia Aizenstat, wiki kumi na moja. Kadi sitini hazikuingia. Mindla aliendelea kuzitafutia mashahidi, na mwaka 1989 tukachapisha nyongeza yenye majina arobaini na matatu.

Kwenye arusi ya Juni, baba aliniambia, bibi arusi alicheza na Mindla kabla ya kucheza na mashangazi zake, na Genia alisimama kando ameshika kiti, akiwaangalia mmoja mmoja, mpaka muziki ulipokwisha na wote wawili wakawa bado wamesimama.

Sasa Mindla ana miaka themanini na tisa. Anaishi katika nyumba ya wazee huko Côte-Saint-Luc, ghorofa ya tatu, chumba kinachotazama reli. Mwaka huu miguu yake haikumruhusu kuja ukumbini.