Neno Nililompa Bwana Mkubwa

Bendera mpya ilikuwa haijachakaa pale Kwale nilipokuwa karani wa kupiga taipu katika ofisi ya ardhi. Asubuhi moja bwana mkubwa, mtu wa bara aliyeirithi meza ya Mzungu juzi tu, alinipa rasimu ya barua ya kuwahamisha watu waliokaa kwenye viwanja vya Diani vilivyotakiwa kwa hoteli. Rasimu iliwapa miezi sita.

"Barua imelegea," akasema. "Nipe neno la nguvu."

Nikampa "forthwith". Mwalimu wetu alitufundisha kwamba ni neno la kale, lililoungwa kwa maneno mawili, moja la kwenda mbele na jingine la kufuatana. Mahakimu walilipenda. Maana yake ni papo hapo, bila kungoja. Alituonya tusilitumie sokoni, maana ni la barua za serikali. Bwana mkubwa akaifuta miezi sita, akanisifu Kiingereza changu, na kichwa kikanivimba siku nzima.

Barua zilikuwa na namba za viwanja. Nyumbani hatukujua namba. Kwetu paliitwa penye minazi minane, na hivyo ndivyo tulivyomwelekeza kila mgeni.

Jumamosi nilikwenda kumwamkia mama. Baba alikuwa amefariki, na mama alikuwa katika eda, ile miezi minne na siku kumi ambayo mjane hatoki katika nyumba ya mumewe. Akanipa barua nimsomee. Herufi ya e iliruka juu ya mstari, kama inavyoruka kwenye mashine yangu.

"Wasemaje, mwanangu?"

"Wasema uhame ukishamaliza eda."

"Alhamdulillahi. Kumbe wana dini."

Niliona haya, kisha hata haya ikaniacha. Sikumwendea bwana mkubwa kumwomba lolote. Nilijiambia askari watachelewa.

Walikuja Jumamosi nyingine, nami nipo, zikiwa zimebaki siku kumi na tisa. Mama aliipitisha barua kando ya pazia la mlango, akawaambia ameruhusiwa kumaliza eda. Askari mmoja akaisoma.

"Shikamoo, mama. Hapa pameandikwa sasa hivi."

Mama alinitazama. Akajitanda leso, akatoka. Siku zilizobaki alizimalizia chumbani kwa dada yake, Ukunda, wala hakunipa tena karatasi nimsomee.

Jumatatu bwana mkubwa alinipa orodha nyingine, akauliza kama lile neno ninalikumbuka bado. Nikamwambia ninalikumbuka. Nililipiga mara kumi na moja, kabla ya chai.