Miguu Ionekane

Kwetu Bukavu, foto ya kichwa na mabega tu ina kazi mbili: kitambulisho, au kuwekwa mezani siku ya kilio, watu wapite wakisema pole. Mtu mzima anayetuma salamu nyumbani hupigwa mwili wote, kutoka nywele mpaka viatu. Mimi nilijua hayo tangu utotoni. Lakini mwaka ule wa vita, nikiwa kule Ulaya, Saint-Gilles, bila makaratasi wala kazi ya maana, niliingia kwenye kile kibanda cha foto pale kituo cha treni cha Gare du Midi, nikatoa vichwa vyangu, kimoja nikamtumia mama. Loo, ujinga gani ule!

Dada yangu alipiga simu akilia. Mama alikuwa amekipokea kile kichwa, akakitazama, akajifunga kitambaa cheusi, akakaa chini. "Mutoto wangu amekufa. Wamenitumia foto ya kilio." Masikio yake yalishaharibika zamani, na mabomu yakamalizia, kwa hiyo simu haikumfaa kitu, na maneno ya dada hakuyaamini. Foto nilizotuma zamani nimesimama hakuzitaka. Alisema hizo ni za wakati nilikuwa hai. Chai aliimwaga, bugali aliisukuma.

"Kaka, fanya mbio," dada akasema. "Mama ataniishia hapa mukononi. Tuma foto mupya, miguu ionekane."

Ilikuwa Ijumaa. Papa mmoja, mzee wa kanisa letu, alikuwa anasafiri Jumapili kwenda kwetu kupitia Kigali, na baada yake sikumjua msafiri mwingine. Nikamkimbilia rafiki yangu wa Lubumbashi, aliyekuwa akipiga foto za harusi na ubatizo za Wakongo wa Ixelles. Flash yake ilikuwa imekufa. Chumbani kwangu, hata alipojibandika ukutani, alinikata magoti. Barabarani alikataa kabisa: giza, matope, mawingu mazito. "Hapa utatoka kama maiti, mama atalia mara ya pili. Bon, twende Auderghem, kule msituni hakuna magorofa ya kuziba, kuko mwanga."

Tukapanda tramu, mimi na suti ya kuazima. Tulipofika, theluji ilikuwa magotini. Viatu vyote vimezama! Nilitukana theluji, nikaitukana Ulaya nzima, nikatamani kukaa pale chini nilie. Ndipo rafiki yangu akaonyesha bwawa. Maji yalikuwa yameganda na upepo ulikuwa umeyafagia safi. Kulikuwa na kibao kinachokataza watu kupanda juu. Tulikisoma wote wawili.

Nikapanda. Barafu ikalia kama mbao za dari.

"Rudia nyuma kidogo," akapiga kelele kutoka ukingoni. "Nakukata miguu!"

"Huku inalia, wewe!"

"Donc iache ilie! Pale katikati njo kuko mwanga."

Nikarudi nyuma. Niliogopa, sitaficha. Ningekufa mle ndani, kile kichwa nilichotuma kingekuwa cha kweli, na ni mimi niliyekituma kwa mkono wangu. Nikamfikiria mama na sahani yake, nikatabasamu meno yote. Akapiga. "Baki! Moja tena!" Nikabaki. Barafu ikapasuka, nikaingia mpaka kifuani.

Wahenga wamesema mfa maji haishi kutapatapa, nami nilitapatapa haswa. Na yule shenzi kwanza alitundika kamera kwenye tawi, ndipo akalala kifudifudi na kunirushia mkanda wa koti lake. Sikumlaumu. Ningekuwa yeye, ningefanya vilevile.

Foto ilitoka nzuri ajabu. Suti imekaa, tabasamu pana, viatu viwili vinang'aa, na chini yake barafu ikimulika kama kioo. Papa aliondoka nayo, mimi nikabaki na kikohozi kilichonilaza kitandani.

Baadaye simu ikalia. "Kaka, mama amekula."

Niliruka. "Asifiwe Bwana! Amekula nini?"

"Bugali na samaki ya sambaza. Sahani yote. Hata ameoga." Kisha akaanza, "Lakini, kaka..." Nikamwambia aseme.

"Alitazama miguu yako muda murefu. Akaniuliza unasimama juu ya nini. Nikamupigia kelele kwa sikio: juu ya maji, mama, kule Ulaya maji inaganda. Akanicheka. Akasema amezaliwa kando ya ziwa, amezeekea kando ya ziwa, na muntu mwenye kusimama juu ya maji na kucheka ni yule Yesu amemushika mukono. Amefurahi, kaka. Anasema sasa anajua uko wapi, fasi gani. Kesho anaita majirani, tunamaliza matanga yako."

Nilitaka kulia, nilitaka kupasua ile simu. Mimi hai, nakohoa, viatu bado vimelowa!

"Nifanye nini, kaka? Nimukatalie?"

Nikamuuliza kama ni kweli alimaliza sahani yote.

"Yote. Ameomba ingine."

"Basi umwache," nikasema. "Umwache ale."