Daktari Sukari Alipofunga Kabati

Mtaani shangazi yangu anaitwa Daktari Sukari, na jina hilo halimuudhi. Vidonge vyake vya homeopathi, vidogo kama punje za mtama, kweli ni vya sukari. Dawa hudondoshwa juu ya vidonge hivyo ikiwa imezimuliwa kwa maji mno, kiasi kwamba mimi, mwalimu wa fiziolojia katika chuo cha wauguzi, humwambia hakuna kilichobaki humo. Yeye husema mwilini kuna nguvu ya uhai inayorudisha uwiano. Mimi nasema kuna homoni, neva na figo. "Mtu mmoja, majina mawili," hunitania. Sikubali mpaka leo.

Lakini kumuuliza mgonjwa anajua. Tena ana neno alilotulisha tangu utotoni: dalili ni mlinzi, usimfukuze.

Neno hilo nusura limuue baba. Baba ni seremala, kaka yake wa pekee. Alikonda mpaka suruali zikawa zinamvuka, anamaliza jagi la maji na midomo bado mikavu. Nilimsihi aende hospitali nikachoka.

"Mwili unajitetea," akanijibu. "Muulize shangazi yako."

Nikampeleka huku nimenuna, nikijua atatoka na kichupa.

Shangazi akamkalisha karibu na kabati la dawa, akaanza. Kiu ya kunywa kidogo kidogo au ya kugugumia? Usiku inakuamsha? Baba akacheka, akataja sisimizi wanaojazana chooni akishakojoa. Shangazi hakucheka. Alifunga kabati kwa ufunguo.

"Kaka, hapa hupati kitu. Twende hospitali."

"Si wewe uliyesema mlinzi asifukuzwe?"

"Mlinzi akipiga filimbi, watu wanaamka kumtafuta mwizi. Wewe umejifunika shuka. Inuka."

Nje, wagonjwa wake walijaa benchi. Aliwaambia waziwazi, "Ndugu yangu ana ugonjwa ambao dawa yangu haiuwezi." Wawili waliondoka na hawajarudi.

Kilikuwa kisukari, kimepanda vibaya. Figo zilikuwa zinamwaga sukari kwenye mkojo, nayo inaondoka na maji. Ndiyo kiu ile, na ndio sisimizi wale. Leo baba anajidunga insulini mwenyewe na amerudi kwenye randa yake.

Bado tunabishana. Ila chuoni nawafundisha wauguzi kuuliza kiu kama anavyouliza yeye, na nawaambia kifua mbele nilikojifunza: kwa shangazi yangu, Daktari Sukari, aliyemnyima kaka yake sukari.